Meno Kwenye Pembe ya Bimkubwa

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu wa dirisha niwaone nyuso, na hizo simu zizimeni. Mimi sizisikii, lakini nawaona mnavyozichungulia. Wala msinijibu. Mnajua masikio yangu yamestaafu kabla yangu, na sioni aibu yoyote, maana sikuyapoteza kwa uzembe; niliyatumia mbele ya spika miaka yote ile, kama mtu anavyotumia viatu vyake kwenda anakotaka. Kwa hiyo leo hakuna majadiliano. Wewe wakili, binti yangu, najua unavyopenda kusimama na kupinga, leo kaa. Na wewe mkandarasi, mwanangu mkubwa, acha kuikagua dari, haijavuja tangu uitengeneze. Sikilizeni maneno ya mama yenu, kwa sababu pumzi nilizobakiza ni chache na sikusudii kuzitumia kwa kurudia jambo mara mbili.

Huenda mmedhani nimewaita kwa ajili ya nyumba. Nyumba ni yenu nusu kwa nusu, hilo lilikwisha kuandikwa mkiwa bado mnagombea kiti cha dirishani, na sikuwazaa wajinga wa kuburutana mahakamani kwa matofali. Nimewaita kwa ajili ya hawa watatu walioning'inia ukutani juu ya kichwa changu, ambao wageni wakiwaona husema "ah, magitaa," na mimi huwajibu kwamba magitaa ni ya vijana wanaotaka kutazamwa; hizi ni besi. Yule wa kushoto mwenye shingo fupi ni Mfupi. Wa kulia, ambaye shingo yake haina vile vyuma vya kugawa noti hata kimoja, ni Kipara. Na huyu wa katikati, mwenye rangi ya maziwa iliyogeuka ikawa kama jino la mvuta sigara, mwenye vitufe viwili viwili vilivyopandana kama masufuria, ni Bimkubwa, na ndiye anayenizuia kufa kwa adabu.

Maana najua mnataka kumfanya nini. Juzi alikuja seremala hapa, akadhani nimelala. Nilimwona kwa jicho moja akimpima Bimkubwa urefu na upana kwa ile futi yake kama anayempima maiti, na wewe mwanangu ulikuwa nyuma yake unamwonyesha kwa mikono: kioo hapa, taa pale, kufuli chini. Sikusikia neno lakini nilielewa kila kitu, mikono yako haijawahi kujua kusema uongo. Na wewe binti yangu ulipomleta Bwana Asili, yule mkusanyaji wa besi kongwe, ulimpiga Bimkubwa picha za mbele, nyuma na ubavuni, ilhali picha ya mwisho uliyonipiga mimi nimefumba macho. Mmoja wenu anataka kumfungia, mwingine anataka kumuuza, na wote wawili mnafanya hivyo kwa mapenzi, najua. Lakini nisipotamka leo, Bimkubwa hatapigwa tena na mtu yeyote mpaka kiama. Hilo sitalikubali, niwe hai au niwe vinginevyo.

Basi nawaambia alikotoka, msije mkamwambia mtu kwamba mama yenu alimnunua dukani.

Nilikuwa mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa pili, chumba changu bwenini kimetazamana na ukumbi wa hoteli ambamo dansi lilipigwa kila Jumamosi. Wenzangu walifunga madirisha. Mimi sikuweza kulala kwa sababu nyingine: mpiga besi wao alikuwa na uzi mmoja uliolegea, wa tatu, unaoshuka kidogo kadiri joto la ukumbi linavyopanda, na hakuna aliyekuwa anasikia isipokuwa mimi. Niliuvumilia uzi ule wiki baada ya wiki, mpaka Jumamosi moja nikavaa viatu, nikavuka barabara, nikaenda kumshtaki kwa kiongozi wa bendi, mtu mnene mwenye kofia ya baharia ambaye wote walimwita Kepteni na ambaye, nilikuja kujua baadaye, hakuwahi hata kupanda mtumbwi. Nikamwambia uzi wa tatu umeshuka. Kepteni akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu vya darasani, akasema, "Basi dada, panda ukaupandishe wewe."

Nikapanda. Nikakaza kigingi, nikaupiga uzi mara moja kuhakikisha, na ile sauti ikaingia kwa kupitia nyayo zangu, ikapanda magotini, ikakaa hapa kifuani kama mgeni aliyefika kwake. Sikushuka jukwaani tena, wanangu, mpaka bendi ilipovunjika. Yule mpiga besi wa kwanza alikuwa anatafuta sababu ya kwenda kuoa, nami nikawa sababu yake; besi ya bendi aliyoniachia ndiyo huyu Bimkubwa.

Mtasikia watu wakisimulia kwamba nilikuwa mwanamke pekee aliyepiga besi mjini, na watalisema hilo kama vile ni ajabu ya paka kuendesha baiskeli. Msijivunie hilo. Jivunieni kwamba nilipiga vizuri. Mwimbaji wetu alivaa suti inayometameta na alirushiwa leso na wanawake wa watu; mpiga solo alifumba macho na kukunja uso kama anayeng'olewa jino; mimi nilisimama nyuma kando ya ngoma, na hakuna aliyenitazama, lakini kila kiuno kilichozunguka katika ukumbi ule kilizunguka kwa amri yangu. Nikinyamaza mpigo mmoja, watu mia mbili wanajikwaa pamoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na nadhani aliyesema hivyo alikuwa mpiga besi. Asubuhi ya Jumatatu nilifundishwa mawimbi ubaoni, na baadaye nikayafundisha mwenyewe mpaka nikastaafu, lakini wimbi nililijua kwanza kwa goti.

Marehemu baba yenu alikuwa mbeba spika. Hamkujua? Alijitolea kubeba ile spika yangu kubwa ngazi mbili kila Jumamosi kwa sababu alikuwa amenipenda na hakujua njia nyingine ya kusema. Mlinzi wa hoteli alimfungulia mlango wa mbele kwa heshima, akidhani ndiye mwanamuziki, na mimi niliyemshika Bimkubwa mkononi akaniambia wake za wanamuziki wanapitia jikoni. Baba yenu akamjibu, kwa utulivu wake ule, "Huyu ndiye mwanamuziki. Mimi ndiye mke wake." Siku ile nikaamua kuolewa naye, ingawa nilimwacha abebe spika miezi mingine kadhaa kabla sijamwambia, maana ngazi zilikuwa ndefu.

Bendi ilipovunjika tuligawana vyombo. Mwimbaji alichukua maikrofoni zote na jina la bendi, mpiga solo akachukua vikuza sauti, mpiga ngoma akachukua ngoma na shemeji ya Kepteni, hilo tuliache. Besi hakuitaka mtu. Walisema nzito, walisema muziki wake hauimbiki. Nikaibeba begani nikaenda nayo nyumbani, na wakanionea huruma.

Fundi wa redio, yule tunayemwita Solda, ndiye aliyemfungua Bimkubwa mara ya kwanza, sumaku moja ya kunasa sauti ilipokuwa inakoroma. Aliondoa kibati cha vitufe, akapiga mluzi, akakaa chini. Akanieleza kwamba kiwanda kilitengeneza besi zenye vitufe vya kupandana namna ile kwa muda mfupi tu, kisha kikabadili, na kwamba watu duniani wanazitafuta kama dawa. Niliposikia vile nilijisikia vizuri, sitawadanganya. Wote walionihurumia walikuwa wameacha dhahabu wakagombea debe, na debe tupu mnajua halikosi kuvuma. Lakini nilikwisha kumpenda kabla sijaambiwa ni wa thamani, na tofauti hiyo, wanangu, ishikeni katika mambo yote, hata ya ndoa.

Kuanzia hapo ndipo Kamati ilipozaliwa. Mmekua mkiwaona kila Jumapili ya mwisho wa mwezi wakijaa sebuleni: Solda mwenyewe, dereva wa trela anayejua mwaka wa besi kwa kutazama skrubu, daktari wa meno, na wengine waliokuja wakaenda. Mlikuwa mnaona haya. Marafiki zenu waliuliza kwa nini watu wazima wanang'ata gitaa. Sikuwahi kuwaeleza kwa sababu mlikuwa mnakimbia, leo hamna pa kukimbilia.

Besi ya umeme isipounganishwa na spika ina sauti ndogo kama ya nzi ndani ya chupa. Sasa, mtu anapotaka kujua mti wake una tabia gani, mbali na spika, mbali na majigambo ya mwenye nayo, anaegemeza taya kwenye pembe ya juu, ile ncha ya mbao iliyochomoza kando ya shingo, au anaing'ata kidogo, halafu anapiga uzi wa chini taratibu. Sauti inapita kwenye mfupa moja kwa moja. Sikio linadanganyika, linapenda kusifiwa, lina marafiki zake. Mfupa hauna upendeleo. Wenzetu wengine huko duniani wanaegemeza tu. Sisi tunang'ata. Ndiyo kanuni ya nyumba hii, na hakuna aliyehesabiwa mwanakamati kabla hajang'ata pembe ya Bimkubwa mbele ya wenzake, akapiga uzi, akakaa kimya, kisha akasema alichosikia bila kutumia neno lolote la kujionyesha. Wengi walifeli hapo kwenye maneno. Dereva wa trela alipong'ata mara ya kwanza alisema, "Nimesikia injini yangu ikiwa nzima." Tukampitisha.

Daktari wa meno alipinga mwanzoni. Alisema tunaharibu meno, alisema hapo pana wadudu wa midomo saba, akatoa hotuba. Kisha alipong'ata yeye mwenyewe akasahau kuachia mpaka Solda akamgusa bega. Siku hizi anaweza kuisoma pembe ile kama ninyi mnavyosoma gazeti: hili pengo ni la Solda kabla ya kuwekewa jino, huu mstari wa kupinda ni wa mama mwenyewe, hii alama ya chini kabisa ni ya marehemu baba yenu, ambaye hakujua kupiga hata noti moja lakini aling'ata mara moja ili ajue nilikuwa nasikia nini, akalia. Msiniangalie hivyo. Alilia, akasema ni vumbi.

Basi Bwana Asili akaja. Tumempa jina hilo kwa sababu neno lake la kwanza ni lile lile daima: hiki ni cha asili? Na hiki? Na kile? Mwacha asili ni mtumwa, sawa, lakini yeye ni mtumwa wa asili, na hilo wahenga hawakulitungia methali. Amevaa glavu nyeupe. Ana tochi, ana kioo kidogo cha kuchungulia kama cha daktari wa meno, na daktari wetu alipokiona alinung'unika kwamba hata yeye hakitumii kwa mbwembwe namna ile. Amemzunguka Bimkubwa, amepumua juu yake, amesema maneno marefu kuhusu mbao. Hakupiga uzi hata mmoja. Mwishoni akafika penye pembe, akaiona, akashika kifua. Wakati ule masikio yangu yalikuwa bado yanaokoteza okoteza, na hili nililisikia. Akasema, "Mama, hii ingekuwa ya makumbusho kama si haya meno."

Nikamwambia, "Ingekuwa ya makumbusho kama mimi nisingekuwa na meno."

Ameendelea kuja, lakini. Hilo nampa. Kila anapokuja anatazama pembe kwa muda mrefu kidogo kuliko mara iliyopita.

Niletee maji, mama. Hapo. Asante.

Sasa nimefika pale ambapo mwanangu mkubwa umeanza kutazama viatu vyako. Usivitazame. Nitalisema mbele ya dada yako mara moja tu, kisha tulizike kabla yangu.

Mnakumbuka sherehe yangu ya kustaafu chuoni. Mwanangu, ulitaka kunishtukiza. Ukamchukua Bimkubwa nikiwa kazini, ukampeleka kwa yule fundi wa samani njia panda, umwambie amrudishe awe mpya. Mtu mwingine angepeleka maua. Wewe ni mjenzi, unaona kitu kikuukuu unataka kukitengeneza, ndivyo ulivyoumbwa, na ndiyo maana dari yangu haivuji. Fundi akaanza kazi yake kwa bidii. Akamwosha. Akamng'arisha kwa nta. Akavua nyuzi, akaona zimechakaa, nyeusi, zina jasho la miaka, akazitupa na takataka, akaweka mpya zinazong'aa ulizomnunulia wewe mwenyewe dukani. Chini ya kibati cha mkia, pale nyuzi zinapofungwa, akakuta kipande cha sponji kimebanwa pale, kimekauka kama mkate. Akadhani ni uchafu, akakifukua kwa bisibisi. Kisha akamtundika kwenye msumari katikati ya viti vinavyokausha vanishi, akachanganya puti ya kuziba meno kwenye pembe.

Hapo ndipo dereva wa trela alipokuwa akipita na mzigo wa saruji. Alisimamisha lile gari katikati ya njia panda, honi zikalia pande zote nne, yeye akashuka na sandali mguu mmoja. Askari wa barabarani akamfuata. Fundi alitusimulia baadaye kwamba jitu lile lilisimama mbele ya kibanda chake, likamtazama Bimkubwa, likamtazama yeye na kile kijiko cha puti, likasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nani kamleta mama yetu hapa?" Fundi akaweka kijiko chini. Askari akauliza huyo mama yuko wapi, apelekwe hospitali. Ndivyo meno yalivyopona.

Lakini nyuzi hazikupona, na ninyi hamkujua maana yake. Wapiga magitaa hubadili nyuzi kila mara kwa kuwa wanataka mng'aro. Sisi hatubadili. Nyuzi nene za namna ile, zilizovikwa utepe laini wa chuma, unaziacha, unazipiga, jasho na mafuta ya vidole vyako yanaingia ndani taratibu, mng'aro unakufa, na kinachobaki ni ile sauti nene, fupi, kama mlango mzito unaofungwa na mtu mwenye adabu. Haiuzwi popote. Inatengenezwa na vidole vya mtu mmoja, miaka nenda miaka rudi, na ile sponji inaisaidia kwa kuifupisha. Zile zilizotupwa jalalani zilikuwa Jumamosi zangu zote.

Siku ya sherehe ukamtoa chini ya shuka mbele ya wageni, anameta kama sahani. Nikacheka, nikakukumbatia, nikampiga uzi mmoja, akalia kama kengele ya baiskeli. Wageni wakapiga makofi. Kamati ilikuwa meza ya nyuma. Nilimwona Solda akiinamisha kichwa kama aliye msibani. Nikasema asante, mwanangu. Usiku wake nikamtundika hapo alipo, na tangu siku ile sijampiga tena. Nikapiga Mfupi, nikapiga Kipara, Kamati ikang'ata hao. Hukuniuliza kwa nini, nami sikukwambia, lakini uliona. Kila ulipokuja ulianza kutazama ukuta kabla ya kunisalimia. Na sasa kwa kuwa huwezi kumrudisha alivyokuwa, umeona umjengee kioo, asije akaguswa tena na mkono wa mtu. Hilo kabati si lake, mwanangu. Ni lako wewe, umejipima mwenyewe.

Basi sikilizeni, haya ndiyo maneno yangu, wakili atayashuhudia na asiyaongezee vifungu.

Mfupi ni wako, binti yangu. Muuze. Usione haya, wala usije ukamweka chini ya kitanda kwa huruma ya mama. Wewe hupendi vitu, unapenda mambo yaishe sawasawa, na hiyo nayo ni tabia njema, nimekuona ukiwatetea watu wasio na mtetezi kwa makali yale yale, nikajivuna mpaka majirani wakachoka. Mpe Bwana Asili akimtaka. Lakini kwanza avue glavu, ang'ate, apige uzi wa chini, aseme alichosikia. Mbele ya Kamati. Akisema neno "asili" hata mara moja, mtafutie mnunuzi mwingine.

Kipara haendi popote. Ni wa Kamati, atabaki sebuleni, na nyumba hata mkiigawa kwa ukuta, Jumapili ya mwisho wa mwezi sebule ni yao. Chai waandae wenyewe. Solda asiruhusiwe kupika.

Kabati likija, msimrudishie seremala, atavunjika moyo. Wekeni sahani.

Na Bimkubwa ni wako, mwanangu mkubwa.

Wewe. Inua kichwa. Dada yako ameshtuka, namwona. Alidhani nitampa Solda, na Solda naye alidhani hivyo, nimekwisha kumwambia na amekubali kabla sijamaliza kusema. Nilikaa na hasira kwa muda mrefu nikidhani umemuua. Ni juzi tu, seremala akiwa hapa na ile futi yake, nikitazama mikono yako hewani, mikono ya zege, yenye sugu kila kidole, ndipo nikajiuliza: mimi niliyefundisha fizikia watoto wa watu, sikujua kwamba uzi hauzaliwi ukiwa na sauti nene? Zile zangu nazo ziling'aa siku ya kwanza. Hakuna aliyenikabidhi sauti, mwanangu. Nilikabidhiwa uzi uliolegea na mtu mwenye kofia ya uongo. Nyuzi ulizomnunulia bado ziko pale, mpya vile vile, hazijaguswa tangu siku ile kwa sababu nilinuna. Basi zichoshe. Zitie jasho lako. Solda atakufundisha pa kuweka kidole, atakukemea, vumilia. Utapiga vibaya kwa muda mrefu na mtaa mzima utajua. Tia sponji nyingine chini ya mkia, yoyote, hata ya kuoshea vyombo. Siku moja, na usihesabu, utapiga uzi wa chini utasikia mlango unafungwa kwa adabu. Hapo ujue amerudi, na safari hii sauti itakuwa yako. Yangu nakwenda nayo.

Chanda chema huvikwa pete. Chako nakivika uzi.

Msimzibe meno. Msimpake rangi. Asiuzwe, ila siku ambayo hamna chakula, na hata siku hiyo muanze na gari.

Siku ya mazishi mwimbaji asiitwe, ataimba. Dereva wa trela apige honi mara moja tu pale njia panda, inatosha. Mniweke karibu na mbeba spika wangu.

Nimechoka, wanangu. Mwanangu, mshushe. Shika shingoni, si hapo, hapo ndipo. Mlete huku kitandani. Mnilalie… mlaze hapa ubavuni. Pembe huku, kwenye taya. Mama, nisogezee mto. Bado nina meno matatu mazuri, daktari ameyasifu.

Sasa piga. Uzi wa chini, ule mnene, kwa kidole. Usiogope. Taratibu.

Tena.

Eeh. Ninausikia. Unang'aa, mtoto huyu. Unang'aa kama… basi, utakua.

Mungu awatunze, awape mikono yenye kazi na nyumba yenye makelele. Mpendane hata mkinuniana. Nilikuwa na bahati kwenu, na nilijua, hata nilipokaa kimya nilijua.

Usiache kupiga, baba. Mfupa bado unasikia. Piga tu, pole pole, mimi niko hapa chini…